Nani Atakishika Kisomaji

Tarehe 14 Machi

Bawabu wetu,

Salamu kwanza, kesi baadaye. Hujambo binti? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi nipo, ila nilikuwa safarini siku kumi na tano, ndiyo maana nabisha hodi mlango umeshafungwa. Najua, najua. Ulifunga tarehe 3. Usianze kucheka.

Sasa naandika rasmi, maana barua hii itawekwa kwenye kumbukumbu na watakaoisoma hawatujui. Naomba Kisomaji cha tano kiingizwe kwenye toleo imara la mfumo wetu wa kompyuta, kichukue nafasi ya Kisomaji cha nne. Kisomaji ni programu inayogeuza maneno ya kwenye skrini kuwa nukta nundu. Nukta hizo huinuka kwenye ubao mdogo mbele ya kompyuta, na asiyeona huzisoma kwa vidole. Cha nne nakishika mimi, mwaka wa tisa huu. Waliokiandika walishakiacha zamani, na kimesimama kwa viraka sitini na kimoja nilivyovishona kwa mkono wangu. Cha tano kimeandikwa upya na watu sita. Hakihitaji kiraka hata kimoja. Nimekijaribu wiki sita kwenye kompyuta kuukuu ya stoo na hakijaniangusha.

Mke wangu anatumia toleo imara tu, nyumbani na kazini kwake, kwani yeye si panya wa maabara. Namsemea yeye na wenzake wote wasioona.

Mwalimu


Tarehe 16 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Nimecheka, nisamehe. Nimecheka mpaka watu wa meza za jirani wamegeuka. Mwaka wa nne huu tangu uniachie funguo za mlango, na kila anayechelewa namsomea mwongozo ulioandika wewe mwenyewe: "Mlango ukifungwa, hakiingii kipya. Kinatengenezwa kilichomo." Leo mwenye mwongozo yuko nje anabisha! Mkuki kwa nguruwe, Mwalimu wangu.

Na sababu unaijua kuliko mimi. Mtu wa hospitali, mtu wa shule, karani wa ofisi, hawa hawataki kuamka wakute kitufe kimehama. Wanataka kitu kilekile miaka mitano, kibovu kidogo lakini wanakijua. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Nani alikuwa ananiimbia hivyo kila nikileta programu mpya?

Haya, maswali matatu, kama kwa kila mtu. Kwanza, kikiingia, nini kinaweza kuvunjika? Pili, nani atakishika kwa miaka mitano yote ya toleo hili? Tatu, kisipoingia, nani ataumia, na vipi?

Na ulikwenda safari gani bila kuaga? Wewe mtu wa kulala nje siku mbili ukalalamikia vitanda vya watu mwezi mzima.

Bawabu


Tarehe 21 Machi

Marahaba binti,

Vitanda vilikuwa vibaya kama kawaida, chakula kibaya zaidi. Tuyaache hayo.

Swali la kwanza. Wenye mbao za zamani watalazimika kuzitambulisha upya kwenye kompyuta, mara moja tu, kazi ya dakika tano. Zaidi ya hapo sijaona kinachovunjika.

Swali la pili. Mimi.

Swali la tatu ndiyo roho ya ombi langu. Viraka sitini na kimoja ni vingi mno. Siku sehemu nyingine ya mfumo ikirekebishwa, kiraka kimoja kikikwaruzana nayo, atakayeingia ndani kutafuta tatizo atapotea. Nguo ya viraka huijua aliyeishona. Na watakaoumia ni watu ambao hawawezi kutupia jicho pembeni wakaona kuna kasoro. Najua utaniambia nisiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wenyewe umebaki nyuzi, binti.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Isome vizuri.

Mwalimu


Tarehe 25 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Nimekaa na barua yako siku nne. Nimewauliza wenzangu wawili wa mlangoni, wakasema amua wewe, ni mwalimu wako. Wanafiki wakubwa.

Jibu ni hapana.

Nipe nafasi nieleze. Ungeniambia Kisomaji hakina mtu, ningekuwa na njia mbili. Sheria inasema programu isiyo na mtu inatolewa kwenye toleo, kwa hiyo ama ningekitoa kabisa, ama ningevunja sheria nikaingiza cha tano. Ningeumwa kichwa. Lakini mtu yupo. Umeandika mwenyewe. Kiraka kikikwaruzana na kitu utakifumua na kukishona upya jioni moja, nimekuona ukifanya hivyo mara ngapi? Fundi akiwepo, mbachao unatosha. Cha tano kisubiri toleo lijalo. Miaka miwili si mingi.

Nikimfungulia mwalimu wangu leo, kesho nitamkatalia nani? Sheria ni msumeno. Siku unanikabidhi funguo ulisema umenichagua kwa sababu ni mimi peke yangu ningeweza kukukatalia wewe. Haya, nimekukatalia. Usininunie.

Bawabu


Tarehe 27 Machi

Binti yangu,

Umefanya sawa. Kwa yale niliyokuandikia, jibu lingine halikuwepo. Ningekuwa mimi mlangoni ningesema hivyohivyo, tena kwa maneno machache zaidi, wewe unaongea sana.

Sinuni. Nimemsomea mke wangu barua yako akasema, "Huyu ulimfundisha kupita kiasi." Hakucheka lakini.

Nimeanza kuandika maelezo ya viraka, kimoja kimoja, ili mwingine akitaka kujua ajue. Nimefika cha saba. Vidole vimekuwa vizito siku hizi. Uzee huo.

Jitunze. Kula vizuri, uache kunywa chai tupu mchana kutwa.

Mwalimu


Tarehe 11 Juni

Shikamoo Mwalimu!

Limetoka! Toleo imara limetoka leo saa nne asubuhi, bila kuchelewa hata siku moja. Nimelia kidogo chooni, usimwambie mtu.

Ila nimekutafuta kwenye gumzo la wote sikukuona. Kila toleo likitoka wewe ndiye wa kwanza kutuandikia "Hongereni, sasa nendeni mkalale." Safari hii kila mtu alikuwa anasubiri wewe useme ndipo na wao waseme. Tumesubiri mpaka saa nane, mmoja akasema labda yuko safarini tena. Upo? Nisalimie Mama.

Bawabu


Tarehe 4 Agosti

Shikamoo Mwalimu,

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Huu wako unanitisha.

Yale uliyoyasema yametokea. Mwezi jana tuliingiza rekebisho la usalama kwenye sehemu inayopanga mistari ya maandishi. Tangu hapo Kisomaji kinakula mstari wa mwisho. Iwe barua, iwe ujumbe, mstari wa mwisho haufiki kwenye ubao, na msomaji hajui kwamba umekosekana. Atajuaje? Watu tisa wameleta malalamiko, na hao ni wale waliobahatika kugundua.

Nimeingia mwenyewe kwenye viraka vyako. Nimepotea kwenye cha kumi na mbili. Kuna mahali umeandika "hapa kuna ujanja, nitaeleza baadaye." Baadaye ipi, Mwalimu?

Nakuomba jioni moja tu. Kama ni lile la Machi, ninunie mimi. Watu wasiumie kwa ajili ya ugomvi wetu.

Bawabu


Tarehe 30 Agosti

Mwalimu,

Hii ya tatu. Sianzi na shikamoo kwa sababu nimeudhika, na ukiona vibaya, bora.

Malalamiko yamefika arobaini. Sheria unaijua, uliiandika: mwenye programu asipojibu barua tatu, zikipita siku thelathini jina lake linafutwa na programu inatolewa. Sikuwahi kudhani nitakuandikia wewe maneno haya. Mtu mzima, mwenye mvi, anasusa kwa sababu alinyimwa kitu kimoja! Mimi nilidhani ulinisifu kwa moyo. Kumbe ulinichekea tu ukaniwekea kinyongo.

Nilikuuliza nani atakishika, ukaandika "Mimi." Sasa uko wapi?

Bawabu


Tarehe 9 Septemba

Kwako unayeandika kutoka mlangoni,

Jina lako silijui. Barua zako tatu nimezisoma jana, na kila moja inakoma kabla mwandishi hajajitaja, na anwani inasema "mlangoni" tu. Mume wangu alikuwa akiwataja watu wengi wa mlangoni. Mimi ni mke wake.

Mwalimu alifariki tarehe 5 Juni, asubuhi, hapa nyumbani. Mwishoni mwa Februari alilazwa hospitali siku kumi na tano, na siku ya kutoka daktari alituambia hakuna la kufanya tena. Hakususa. Nimesoma mahali uliposema hivyo nikashindwa kuendelea, nikarudia baada ya chakula.

Tangu mazishi sikuigusa kompyuta yake mpaka jana. Fundi wa ofisini kwetu alikuja kutoa pole, akaniwekea toleo jipya hapa nyumbani na kule kazini, akasema marehemu angefurahi. Kumbe ndilo hilo linalokula mistari! Mimi niko mapokezi ya idara ya maji. Watu wanatuandikia mabomba yakipasuka: jina, mtaa, tatizo, na mwishoni namba ya simu. Tangu Julai nasoma ujumbe usio na namba, na mimi nawalaani moyoni, nasema watu wamekuwa wavivu siku hizi, hata namba hawaandiki. Mafundi wanakwenda mtaani hawajui wampigie nani. Mkuu wangu amenipa barua mbili za onyo. Anasema labda ni msiba, labda akili haijatulia. Nami nimeanza kuamini.

Nakuomba usikitoe Kisomaji. Kibovu kina nafuu kuliko kukosa kabisa. Kikitoka sina namna ya kufanya kazi, na mshahara wangu ndio uliobaki katika nyumba hii. Sikutaka mtu wa nje anisomee barua za mume wangu, kwa hiyo ukijibu, jina lako litaje mapema.

Mke wa Mwalimu


Tarehe 10 Septemba

Mimi ni Bawabu. Naliandika jina langu juu ili likufikie.

Shikamoo Mama. Pole. Pole sana, Mama yangu, sijui niandike nini baada ya hapo. Nimefuta mara sita.

Mimi ndiye niliyemkatalia. Mwezi wa tatu aliomba Kisomaji kipya kiingie, kile ambacho hakina viraka, nami nikasema hapana kwa sababu yeye mwenyewe yupo na atakishona kikiharibika. Nilimuuliza nani atakishika miaka mitano, akaandika "Mimi." Nikamwamini, kwa nini nisimwamini? Alisema alikuwa safarini na vitanda vilikuwa vibaya. Nikamtania, Mama! Mtu ametoka kulazwa nikamtania vitanda!

Alinificha. Namkasirikia marehemu na naona haya kumkasirikia. Angeandika ukweli ningemfungulia, sheria au si sheria. Au pengine ningekitoa Kisomaji kwa kuwa hakina mtu, nikajisifu kwa msimamo. Tangu jana najiuliza na sina hakika, na hilo ndilo linaloninyima chakula.

Kisomaji hakitatolewa. Hilo nakuahidi. Nipe siku chache, nitatafuta njia. Kazini waambie tatizo ni la kompyuta, si lako. Ukitaka nitawaandikia barua mwenyewe.

Mstari huu hautakufikia, kwa hiyo naweza kuusema: sijui nitajisameheje.


Tarehe 2 Oktoba

Ni mimi, Bawabu, ingawa sasa jina hilo nimelibakiza la utani.

Shikamoo Mama. Kisomaji cha tano kimeingia leo.

Haikuwa rahisi. Toleo imara likishatoka, kuingiza kipya ni marufuku kuliko hata siku ya kufunga mlango. Lazima mtu aombe na akubali kukishika, na anayeomba hawezi kuwa ndiye anayeamua. Basi nikamkabidhi mwenzangu funguo, nikatoka nje, nikabisha hodi. Aliniuliza maswali yaleyale matatu. Swali la pili nikaandika jina langu, nikaandika pia kwamba nukta nundu ndiyo kwanza najifunza, na nikaandika jina la mtu wa pili, mmoja wa wale sita waliokiandika, atakayekishika nikianguka. Alinirudishia mara mbili. Mara ya tatu akasema sawa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, na asinione tena. Funguo sizirudii. Sijutii.

Kesho asubuhi rekebisho litaingia lenyewe, kwako na ofisini. Ubao uutambulishe upya, mara moja tu, ni kazi ya dakika tano. Barua yangu kwa mkuu wako niliituma tarehe 14 Septemba lakini hajanijibu. Niambie kama mistari inafika yote.

Bawabu


Tarehe 19 Oktoba

Mwanangu Bawabu,

Marahaba. Inafika yote. Niliujaribu kwa ujumbe wa zamani niliokuwa nimejitumia nyumbani: bomba limepasuka nyuma ya shule, maji yanaingia darasani, na chini yake namba ya simu, tarakimu kumi. Nilizigusa nikazirudia. Halafu nikaipiga. Mtu akapokea, akasema ah, hilo lilishatengenezwa zamani, mama, asante kwa kukumbuka.

Ofisini sikuyaona hayo. Tarehe 28 Septemba walinipa barua ya tatu. Ni siku tano kabla ya rekebisho lako, usikae kuzihesabu, mimi nimeshazihesabu. Barua yako waliisoma, wakasema kompyuta hazisahau namba. Mkuu wangu alikuwa mpole, alinisindikiza mpaka getini. Mahali pangu wamemweka msichana anayeona.

Kwa kuwa nina nafasi, nimesoma upya barua zote, za kwako na za kwake, tangu Machi, mpaka mwisho wa kila moja. Nimeyakuta na yale uliyodhani hayatanifikia. Kwa hiyo siwezi kunyamaza tena.

Tarehe 21 Machi ile nilikuwa nimekaa kando yake. Ubao wangu ulikuwa umeunganishwa kwenye kompyuta yake, ndivyo tulivyozoea tangu tuoane, yeye anaandika, mimi nasoma kwa vidole anachoandika, namsahihisha, tunabishana. Swali la kwanza alilijibu nikamcheka, maana hizo dakika tano kwangu ni nusu saa. Swali la pili akaandika: "Sitakuwepo. Mimi ni mgonjwa, daktari amesema miezi mitatu. Kisomaji hakina mtu. Ndiyo maana naomba."

Mwanangu, maneno hayo yaliinuka chini ya vidole vyangu. Daktari alikuwa ameyasema mbele yangu, na mimi nilikuwa nimekataa kuyasikia. Wiki nzima nilikuwa nampikia na kumwambia umeanza kunenepa. Nikamshika mkono nikamwambia futa. Nikamwambia usijichulie, kifo hakiandikwi, ukikiandika umekiita. Akasema, "Huyu binti lazima ajue, ni kwa ajili yako." Nikalia. Nikamwambia kama unanipenda, andika kwamba utakishika wewe. Kisha nikahisi nukta zinashuka, herufi baada ya herufi, ubao ukawa mtupu kabisa. Likainuka neno moja.

Wewe ulijibu ulichoandikiwa. Aliyemwandikisha ni mimi. Nilijua tangu siku uliponieleza, Septemba ile, nikakuacha ujilaumu peke yako zaidi ya mwezi mzima. Niliogopa ukijua utaacha kuniandikia, na hapa nyumbani hakuna tena anayemtaja. Wanaokuja wananiambia nisahau, nile, nilale.

Hasira uliyonayo juu yake ilete kwangu. Yeye alitaka kusema. Kama baada ya haya utaona huwezi kuniandikia tena, sitakulaumu. Ukiweza, andika ndefu. Asubuhi sina pa kwenda, nitaisoma yote.

Mke wa Mwalimu